UZI: Polisi wafunzwe maadili, sawa. Lakini anayewafunza huishia wapi?

1/
Kila baada ya maandamano, kila baada ya mtu kufia seli, mjadala wa siasa hapa Kenya huishia kwa sentensi ileile: "Polisi wapewe mafunzo zaidi ya maadili." Wa serikali husema hivyo. Wa upinzani husema hivyo. Wafadhili pia. Ikishasemwa, watu wanatingisha vichwa na mjadala unafungwa. Leo tuifungue hiyo sentensi. Nani huwafunza polisi maadili? Huwafunza nini hasa? Na akishafunza, kazi yake inampeleka wapi?

2/
Kwa wageni: mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, kwetu ni Kitui, upande wa mama ni Makueni. Sheria ya hapa mnaijua. Hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunataja sheria, taasisi na tarehe, halafu kila mtu apige hesabu yake.

3/
Tuanze na Katiba. Kifungu cha 244 kinaipa Huduma ya Taifa ya Polisi kazi tano, na mojawapo ni kuwafunza maafisa wake kufikia kiwango cha juu kabisa cha umahiri na uadilifu, na kuheshimu haki za binadamu na utu wa watu. Kwa hivyo mkubwa akitangaza kwamba "ameanzisha" mafunzo ya maadili, usipige makofi sana. Ni sharti lililokuwepo tangu 2010.

4/
Kuna neno la pili ambalo huandamana na maadili: uanuwai. Yaani watu wa kila aina, kwa kabila, dini, jinsia, lugha, ulemavu. Katiba imeligusa mara mbili kuhusu polisi. Kifungu cha 238 kinasema wanaosajiliwa katika vyombo vya usalama waakisi uanuwai wa Wakenya kwa uwiano wa haki. Kifungu cha 246 kinarudia hilo kwa polisi wenyewe: sura ya kikosi ifanane na sura ya nchi. Na sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja.

5/
Kwa nini haya yaliandikwa kwa mkazo hivyo? Kwa sababu ya damu. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kati yao 405 walikufa kwa risasi, na bunduki nyingi zilikuwa mikononi mwa polisi. Mwaka 2009 likaja jopokazi la Jaji mstaafu Ransley kupendekeza polisi wabadilishwe vipi. Mengi tunayoyaona leo kwenye Katiba na sheria za 2011 yametoka huko.

6/
Lakini mzizi ni wa zamani zaidi, na sisi wa Ukambani tuko ndani yake. Mkoloni alichagua askari kwa kabila. Wakamba tukabandikwa sifa ya "watu wa kazi ya askari" na tukajaa jeshini na polisini kuliko idadi yetu. Ndiyo maana nyumba nyingi Kitui na Makueni zina babu au mjomba aliyevaa sare. Tunajivunia, sawa. Lakini tukumbuke kikosi kile kiliundwa kulinda serikali dhidi ya wananchi, na kumtuma askari wa kabila hili kumtuliza mtu wa kabila lile ilikuwa mbinu, haikuwa bahati mbaya.

7/
Sasa twende darasani. Ukisajiliwa upande wa Kenya Police utapelekwa Kiganjo, Nyeri. Ukiwa wa AP, yaani Polisi wa Utawala, utapelekwa Embakasi. Ukipanda vyeo ukakaribia juu, kuna chuo cha maafisa wakuu Loresho, Nairobi. Wakufunzi wengi ni polisi wenyewe. Asubuhi anakufunza kwata, mchana sheria, siku nyingine haki za binadamu.

8/
Na wanafunza nini? Hapa ndipo watu hushangaa, kwa sababu sheria yetu ni nzuri kuliko tunavyodhani. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu ikitumika, ilingane na kosa na ukinzani. Aliyeumia apewe matibabu mara moja. Halafu kuna mstari ambao ningetaka ubandikwe kila kituo: amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

9/
Rudia huo mstari wa mwisho. Konstebo akiambiwa "piga risasi", na hali hairuhusu, sheria inamwambia kataa. Mkufunzi anayemwambia kurutu hivyo anamwambia jambo zito sana, kwa sababu wiki nzima kurutu huyohuyo anafunzwa kutii bila kuuliza. Kwata ni utiifu. Maadili, pale penyewe hasa, ni kujua wakati wa kutotii. Haya mawili yanafunzwa kwa uwanja mmoja, mara nyingi na mtu mmoja.

10/
Uanuwai nao si nadharia ya wazungu kama wengine wanavyodai. Kifungu cha 49 kinasema mtu akikamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Sasa fikiria Mutha ama Endau, mashariki mwa Kitui. Mfugaji wa ngamia anaongea Kisomali au Kiorma. Nyanya mwenye shamba anaongea Kikamba pekee. Afisa ametoka kaunti ya mbali, ana Kiswahili na Kiingereza. Nani ataelezwa nini hapo? Somo la uanuwai ndilo hilo, ni namna ya kufanya kazi bila kumdhulumu mtu kwa sababu hukumwelewa.

11/
Kwetu hili ni suala la kufa na kupona. Mzozo wa malisho na mashamba kwenye mpaka wa Kitui na Tana River umekula watu wa pande zote. Wakulima husema polisi wamenunuliwa na wenye ngamia. Wafugaji husema polisi ni wa wenyeji. Afisa anayejua kusikiliza pande mbili kabla ya kufyatua anaweza kuzuia mazishi. Asiyejua anaongeza upande wa tatu kwenye vita.

12/
Mfano mwingine: mwaka 2018, wakati wa marufuku ya makaa, lori la mfanyabiashara kutoka nje lilichomwa Kitui. Muda si muda, Limuru watu wakafunga barabara kuu na wasafiri wakaanza kuulizwa kabila. Jambo la mazingira likageuka la ukabila kwa siku chache tu. Siku kama hiyo, polisi aliyesimama barabarani ndiye serikali yote unayoiona. Ama analinda yule anayeulizwa kabila, ama anaangalia kando.

13/
Sawa. Kama sheria ni nzuri na somo liko, shida iko wapi? Kwenye mijadala utasikia majibu matatu. La kwanza: mafunzo hayatoshi, ongeza. La pili: mafunzo ni bure, shida ni amri kutoka juu. La tatu: polisi wenyewe wanaishi vibaya, huwezi kumfunza utu mtu anayelala na familia yake kwa chumba kilichogawanywa kwa pazia. Kila jibu lina ukweli ndani. Ila mimi naona swali linalowaunganisha ni la kazi na vyeo: mfumo unamtuza nani?

14/
Fikiria kazi ya afisa kama ngazi. Konstebo, koplo, sajini, inspekta, masuperintendenti, makamishna, hadi Inspekta Jenerali. Kifungu cha 246 kinaipa Tume ya Huduma ya Polisi, NPSC, mamlaka ya kuajiri, kupandisha vyeo na kuhamisha. Inspekta Jenerali naye ana amri huru juu ya kikosi. Waziri haruhusiwi kumwelekeza amchunguze nani, wala ampandishe au amfute nani. Kwenye karatasi, kazi ya afisa imekingwa na siasa.

15/
Kwenye maisha, mvutano hauishi. Mwaka 2025 zoezi la kusajili makurutu 10,000 lilisimamishwa na mahakama, na swali lililokuwa mezani lilikuwa nani hasa ana mamlaka ya kusajili, NPSC au Inspekta Jenerali. Unaweza kuona hiyo kama vita ya maofisi. Lakini anayeshika usajili, vyeo na uhamisho ndiye anayeshika somo la maadili, kwa sababu ndiye anayeamua ni mwanafunzi gani atafika mbali.

16/
Jaribio la kwanza basi: nani anaingia darasani? Julai 2014 makurutu 10,000 walisajiliwa nchi nzima. IPOA, ile mamlaka huru inayoangalia utendakazi wa polisi, ikaenda mahakamani ikisema kulikuwa na rushwa na ukiukaji wa taratibu. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikafuta zoezi lote, na Mahakama ya Rufani baadaye ikakubaliana nayo.

17/
Tafakari hiyo kwa macho ya mkufunzi. Mbele yako ameketi kijana ambaye mzazi aliuza ng'ombe na kipande cha shamba ili aingie. Unamwambia rushwa ni dhambi na kosa la jinai. Yeye kichwani anapiga hesabu ya deni la nyumbani. Nimesoma na vijana walioenda uwanjani kukimbia mara tatu, mara nne, wakapita kila kitu na bado wakarudi. Hawa ndio waliofeli somo la maadili la kwanza kabisa, kwa sababu walikataa kulipa ama hawakuwa na cha kulipa.

18/
Jaribio la pili: aliyefunza anafika wapi? Hapa kuna mfano wa wazi ambao watu husahau. Japhet Koome aliwahi kuwa kamanda wa polisi wa Nairobi. Baadaye akaongoza chuo cha maafisa wakuu Loresho. Kutoka hapo, mwaka 2022, akateuliwa Inspekta Jenerali. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa akiongoza mahali ambapo wakubwa hufunzwa uongozi ndiye aliyekabidhiwa kikosi chote.

19/
Kwa nadharia ya "mafunzo zaidi", hapo tungetarajia enzi mpya. Ikaja Juni 2024. Tarehe 25, vijana wakaingia Bunge na risasi zikalia. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya vifo 50 katika maandamano ya mwaka huo. Julai 12 Koome akajiuzulu. Siku ileile ya Juni 25, kikosi cha kwanza cha polisi wetu wapatao 200 kilitua Port-au-Prince, Haiti, kulinda raia wa nchi nyingine. Sare ya nchi moja, siku moja, picha mbili.

20/
Simhukumu mtu hapa, hiyo ni kazi ya mahakama. Hoja yangu ni nyembamba zaidi. Kuwa na mkuu aliyetoka chuoni hakujabadilisha kinachotokea barabarani, kwa sababu chuo na barabara vinaongozwa na malipo tofauti. Chuoni unapata alama ukijua Jedwali la Sita. Barabarani unasifiwa ukifungua njia kabla ya saa sita.

21/
Mfano wa pili ni wa matumaini kiasi. Wanawake walianza kuingia Kenya Police miaka ya 1960. Mwaka 2013 Grace Kaindi akawa mwanamke wa kwanza kuwa Naibu Inspekta Jenerali, baada ya kupitia vyeo vya chini na kuwa mkuu wa polisi mkoani Nyanza. Makurutu wa kike hawakuhitaji hotuba ya uanuwai siku hiyo. Waliona kwa macho kwamba ngazi inapandika. Kupandishwa cheo kwa mtu ni somo pia, na darasa lake ni kikosi kizima.

22/
Jaribio la tatu: anayevunja somo anafanywa nini? Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri walitoweka wakitoka mahakamani Mavoko, hapa Machakos jirani. Miili yao ilipatikana mtoni. Februari 2023 Mahakama Kuu iliwahukumu maafisa watatu wa polisi na mtoa habari wao. Miaka sita na zaidi, lakini ilifika. Naamini hukumu ile imefunza maadili kuliko semina nyingi, kwa sababu kila konstebo alielewa lugha yake.

23/
Shida ni kwamba kesi kama hiyo ni chache. Na walioketi kizimbani ni wa vyeo vya chini. Mkubwa anayetoa amri, au anayejua na kunyamaza, kwa kawaida hupata uhamisho. Kurutu anaangalia na anajifunza: ukikataa amri mbaya unajua utakosana na nani, ukiitii hujui kama utawahi kuulizwa. Wewe ungechagua nini, mwenzangu, na mshahara ule na watoto shuleni?

24/
Kabla hujasema "hiyo ni Afrika", twende London. Mwaka 1993 kijana mweusi, Stephen Lawrence, aliuawa na magenge ya wabaguzi, na polisi wakavuruga uchunguzi. Ripoti ya Macpherson ya 1999 ikasema ubaguzi umejengeka ndani ya taasisi yenyewe, ikatoa mapendekezo 70. Mafunzo ya uanuwai yakatolewa kwa maelfu ya maafisa. Mwaka 2023 ripoti ya Louise Casey ikakagua polisi haohao wa London na kukuta ubaguzi wa rangi na wa kijinsia bado umekaa ndani ya taasisi. Miaka 24 ya darasa.

25/
Sasa linganisha na Ireland Kaskazini. Huko Wakatoliki walikuwa kama asilimia 8 tu ya polisi. Kuanzia 2001 hadi 2011 sheria ikalazimisha kwamba katika kila usajili, nusu wawe Wakatoliki. Kufikia mwisho walikuwa karibu asilimia 30. Kulikuwa na manung'uniko, na wengine waliona wameonewa. Lakini mlango wa kuingilia ulibadilishwa pamoja na somo, na ndiyo tofauti ninayotaka uione.

26/
Kwa hivyo mafunzo ni bure? Hapana. Bila Jedwali la Sita kufunzwa, konstebo mzuri hana hata maneno ya kukatalia amri mbaya. Mkufunzi mwenye heshima yake, aliyewahi kusimama kwenye mzozo na kuumaliza bila risasi, ana kitu ambacho mhadhiri wangu na mimi hatuna: makurutu wanamwamini kwa sababu amevaa viatu walivyovaa. Watu kama hao wapo. Swali ni kama kufunza kunawasaidia kupanda, ama kunawaweka kando wakati wenzao waliobaki na kamanda wanaitwa kwenye mahojiano ya vyeo.

27/
Na sisi wa Kitui na Makueni tufanye nini zaidi ya kulalamika? Kuna chombo kimelala kwenye sheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi kinaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Inaongozwa na gavana au mjumbe wake wa baraza la kaunti. Ndani wanakaa wakuu wa usalama wa kaunti, wawakilishi wawili kutoka bunge la kaunti, na wananchi angalau sita: wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini, wenye ulemavu. Kazi yake ni pamoja na kuweka malengo ya polisi wa kaunti na kufuatilia kama yametimia. Sheria hiyohiyo ina vikao vya polisi na jamii.

28/
Makueni tunasifika kwa wananchi kukaa chini ya mti vijijini na kujadili bajeti ya bwawa na zahanati. Tukiweza kuuliza saruji ilienda wapi, tunaweza kuuliza afisa anayekuja Kibwezi ama Mwingi amefunzwa nini kuhusu watu atakaowakuta. Mfugaji na mkulima wakae kikao kimoja na OCS mpya kabla ya ukame kuanza, sio baada ya mtu kuzikwa.

29/
2027 inakuja na mtaombwa kura kwa ahadi ya "mageuzi ya polisi". Mtu akisema atawapa polisi mafunzo ya maadili, muulize haya:
– Je, rekodi ya afisa kuhusu haki za watu itahesabika anapopandishwa cheo, na nani ataikagua?
– Wakufunzi watachaguliwaje, na kufunza kutawasaidia ama kutawachelewesha?
– Kamanda atawajibika vipi kwa amri aliyotoa, ama ni konstebo peke yake?
– IPOA itapewa pesa na ushirikiano wa kumaliza kesi?
– Usajili utalindwaje usirudi kuwa wa 2014?

30/
Na kwa mgombea ugavana wa Kitui au Makueni, swali moja tu linatosha: Mamlaka ya Polisi ya Kaunti ilikaa lini mara ya mwisho, na kumbukumbu za kikao ziko wapi? Akikujibu na tarehe, msikilize zaidi. Akikujibu na hotuba, utajua.

Wiki ijayo: nani hasa hulipa karo ya basari ya wadi. Leteni maswali.